Kezilahabi: kwenye ushairi alishinda, kwenye riwaya tumemwacha peke yake

Mwanakisiwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jukwaa.

Euphrase Kezilahabi alipofariki Januari 2020, karibu kila rambirambi niliyoiona mtandaoni ilibeba jalada la Rosa Mistika. Wengine waliandika "mwandishi wa Rosa Mistika" wakaweka nukta. Nikajisemea, basi mzee wa watu amezikwa na kitabu alichokiandika kijana wa miaka ishirini na kitu, na vile alivyoviandika akiwa amekomaa vimeachwa mlangoni.

Kwa wasiomjua: alizaliwa 1944 kijiji cha Namagondo, Ukerewe. Akapita seminari, akasoma Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaja kufundisha hapo hapo. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka 1971. Mwaka 1974 alitoa vitabu viwili, riwaya ya Kichwamaji na diwani ya Kichomi. Ikafuata Dunia Uwanja wa Fujo 1975, kisha Gamba la Nyoka 1979. Halafu kwenye riwaya akanyamaza zaidi ya miaka kumi. Katikati hapo alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison, akamaliza udaktari 1985 kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mwaka 1988 ikatoka diwani ya Karibu Ndani. Halafu 1990 Nagona, 1991 Mzingile, na aliyeandika hivi viwili ukimlinganisha na yule wa Gamba la Nyoka utadhani ni watu wawili tofauti.

Hoja yangu ni hii. Mzee aliacha majaribio mawili. La ushairi limeshinda, tena limeshinda mpaka watu wamesahau kwamba liliwahi kuwa jaribio. La riwaya bado limesimama pale pale alipoliacha 1991, sisi tunapita pembeni tukielekea kwa Rosa.

Nianze na ushairi. Katika utangulizi wa Kichomi alisema bila kuuma maneno kwamba anataka ushairi uongee kwa lugha ya mazungumzo ya watu ya kila siku. Chukueni lile shairi la Dhamiri Yangu. Mtu amefungwa shingoni kama mbuzi kwenye mti wa utu. Kamba ni fupi, amezunguka mpaka amechora duara, majani anayoyafikia ameyamaliza, na mengine anayaona kwa macho hapo mbele. Hakuna kina, hakuna mizani iliyopimwa kwa vidole. Lakini msomee mtu yeyote aliyewahi kufunga mbuzi malishoni, atakuelewa kabla hujafika mwisho.

Kwa hilo alishambuliwa sana. Waliambiwa, yeye na wenzake kina Mulokozi na Kahigi wa diwani ya Malenga wa Bara (1976), kwamba wanaandika nathari iliyokatwa vipande. Malumbano yakaendelea hadi miaka ya 1980. Jumanne Mayoka alitoa kitabu kizima mwaka 1986 kuhusu mgogoro huo. Leo mwanafunzi wa sekondari anaandika "ushairi uko wa aina mbili, wa kimapokeo na wa kisasa", anapata alama zake, anageuza ukurasa. Mgogoro wa wazee umekuwa swali la mtihani. Huo kwangu ni ushindi.

Sasa Nagona. Kitabu hakifiki kurasa mia. Mtu asiye na jina anaingia kwenye mji uliokufa kimya, watu wamekaa wanasoma vitabu, hakuna salamu, hakuna anayeulizwa akajibu. Anatoka hapo anakutana na wazee, mafumbo, mabonde, na mbele ya safari wanajitokeza kina Socrates, Nietzsche, Marx, Darwin na Freud kama watu wa kawaida wa kijiji. Anaitafuta Nagona, na wewe msomaji huambiwi waziwazi Nagona ni nini. Mzingile inakwenda mbali zaidi: dunia imeteketea, na yule mzee mkubwa unayetarajia ahuzunike kwa kifo cha mwanawe hana habari.

Nani katika riwaya ya Kiswahili aliendelea kutokea hapo? Karibuni.

Kipanga wa Jioni

Naweka kambi hapa. Ngoja waje wenye vitabu.

Ustadhi wa Vina

Mleta mada, salaam. Uzi mzuri ila hapo kwenye "ameshinda" naomba tusimame kidogo.

Kezilahabi hakushinda. Alihama uwanja, na waliobaki uwanjani bado wanacheza. Redio Tanzania ilikuwa na kipindi cha Malenga Wetu, watu wa kawaida kabisa, wavuvi, makarani, walimu, wanatuma mashairi yao ya tarbia, mistari minne kila ubeti, na yanasomwa kwa sauti. Chama cha washairi, UKUTA, kilikuwa na watu mikoani. Magazeti yalikuwa na ukurasa wa malenga. Hebu nitajieni gazeti lililowahi kufungua ukurasa wa mashairi huru na wasomaji wakaujaza.

Na msiniambie vijana wa leo wameacha vina. Sikilizeni hao wa Bongo Fleva na hip hop. Kijana wa Temeke ambaye hajawahi kuisikia Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi anakesha anatafuta kina cha mwisho kilingane na cha juu yake. Akikikosa, wenzake wanamzomea. Hiyo ndiyo lugha ya kila siku aliyoitaka Kezilahabi, na imechagua vina yenyewe bila kuamrishwa na mtu.

Halafu kuna jambo linanikera. Linaletwa kana kwamba arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ilikuwa jela na yeye ndiye aliyevunja lango. Mwaka mmoja kabla ya Kichomi, 1973, ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Yule bwana alikuwa jela ya kweli, 1969 hadi 1972, kwa kosa la kuandika waraka wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Mashairi yake aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na yana vina na mizani kamili. Sasa niambieni nani alikuwa mwanamapinduzi zaidi.

Simdharau marehemu. Nasema tu kwamba vyuo vikuu vilichukua mashairi huru, na watu wakabaki na yao.

Mwanakisiwa

Shehe Ustadhi, umenena, na hilo la Sauti ya Dhiki nalikubali mia kwa mia. Diwani ile ni ushahidi kwamba arudhi haikuwa na tatizo la kubeba hasira.

Ila ushindi mimi siupimi kwa idadi ya wanaoimba. Naupima kwa ruhusa. Kabla ya 1974 kijana wa bara, Kiswahili ni lugha yake ya pili, Kikerewe au Kihaya ndicho alicholelewa nacho, akiandika shairi anapelekwa kwanza kwa malenga wa pwani apimwe. Baada ya Kichomi hakuna aliyehitaji leseni. Anayetaka tarbia aandike, anayetaka guni, lisilo na vina wala mizani, aandike. Hata hao vijana wako wa Temeke, mistari yao ukiipima mizani inaanguka vibaya sana. Wamechukua kina, mizani wameitupa.

Na kitu kingine: Kezilahabi huyu huyu ndiye aliyefanya shahada yake ya uzamili juu ya riwaya za Shaaban Robert. Mapokeo aliyasoma kwanza, ndipo akayaacha.

Ustadhi wa Vina

Aliyasoma, sawa. Aliyaacha, sawa pia. Ila msiseme aliyashinda.

Mwalimu wa Zamu

Nimefundisha fasihi sekondari miaka mingi, niruhusuni niitetee Rosa kwanza, maana naona anafukuzwa kwenye msiba wa baba yake.

Kitabu hicho kilipotoka kilipigwa marufuku shuleni. Watu wa dini waliona kinawaharibu mabinti. Baadaye kikaingia kwenye kufundishwa. Walio na umri wangu watakumbuka kilivyosomwa kwa kificho, kimevalishwa jalada la daftari la hesabu. Kwa hiyo kabla hamjasema ni kitabu chepesi, jiulizeni kwa nini kiliogopwa. Zakaria, baba yake Rosa, anamkamata bintiye na barua ya mvulana, Charles, na anampiga kipigo cha kinyama. Barua tu. Kila mwaka nikifika hapo darasa linakuwa kimya, kisha msichana mmoja nyuma atasema "lakini mwalimu, si huyo baba ndiye mlevi?" Na somo la siku hiyo linakuwa limeisha, hakuna nadharia ya kuongeza.

Pili, wengi wanasahau mwisho wake. Rosa anajiua, na riwaya haiishii hapo. Inapanda juu mbinguni, kunakuwa na hukumu mbele ya Mungu. Mwaka 1971! Riwaya ya uhalisia, ya kijiji, ulevi, shule na chuo cha ualimu Morogoro, ghafla inatoka duniani. Kwa maoni yangu Nagona inaanzia pale. Ukienda Kichwamaji, Kazimoto na Sabina wanapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kisicho cha kawaida. Ni ugonjwa, ndiyo, lakini ni fumbo pia, na mwandishi hakuambii uchague lipi. Kazimoto anajiua. Mzee alikuwa akibisha hodi kwenye mlango huo tangu mwanzo, mleta mada, si kwamba alirudi kutoka Wisconsin akawa mtu mwingine.

Tatizo letu walimu ni miongozo. Mwanafunzi ananunua mwongozo, anakariri "dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi: mwandishi anaamini maisha hayana maana". Mstari huo mmoja nimeusahihisha mpaka nauota.

Msomaji Mnyonge

Mwenye PDF ya Nagona anirushie PM tafadhali 🙏

Kipanga wa Jioni

Nilikuwa najiuliza itachukua muda gani mpaka aje wa PDF.

Mwana wa Mumias

Hujambo wote, natokea upande wa Kenya.

Mleta mada anauliza nani aliendelea. Jamani, orodha ipo. Katama Mkangi, Walenisi, 1995: Dzombo anahukumiwa, anarushwa, anatua katika nchi ambayo ni kinyume cha alikotoka. Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, 2001: mzimu wa babu unamrudia mjukuu kigogo kumsomea mashtaka. Kyallo Wadi Wamitila, Bina-Adamu! 2002, kisha Musaleo! 2004. Na huko kwenu Tanzania William Mkufya na Ziraili na Zirani, 1999. Hawa wote wanatembea kwenye barabara aliyoichonga Kezilahabi. Msafiri, safari isiyo na ramani, wafu wanaozungumza, mahali pasipo pahali. Bina-Adamu! bila Nagona siioni ikiandikwa vile.

Lakini nikiwa mkweli kuna tofauti, na hapo namwelewa mleta mada. Bina-Adamu! ukishajua P.P. ni nani na kile kijiji ni kipi, kitabu kinafunguka chote. Utandawazi, ubeberu, historia ya karne ya ishirini, kila kitu kinakaa mahali pake. Walenisi vile vile. Hizo ni istiara zenye ufunguo. Nagona haikupi ufunguo. Unafika mwisho ukiwa na maswali mengi kuliko uliyoanza nayo, na mwandishi yuko sawa na hilo. Kwa hiyo walioiga waliiga safari, hawakuiga giza.

Huenda walifanya vyema. Sijui ni msomaji yupi angenunua vitabu vitano vya aina ya Nagona.

Bi Shughuli

Mimi nitaharibu msiba kidogo, mtanisamehe.

Nimevisoma vyote viwili, Nagona na Mzingile, na nimevisoma kwa Kiswahili changu cha nyumbani, si cha darasani. Kuna kurasa nzuri sana, ule mji wa kimya sitausahau. Lakini kuna kurasa ambazo mzee anaorodhesha wanafalsafa wa Ulaya kana kwamba anaita majina ya mahudhurio. Tasnifu yake inalalamika kwamba fasihi ya Kiafrika inasomwa kwa nadharia za kuazima, kisha riwaya yake inawaalika hao hao wenye nadharia waje kucheza ngoma. Kama ni kejeli, sawa. Mbona inachukua nafasi yote hiyo?

La pili, wanawake. Rosa anakufa ili sisi tujadili malezi. Rukia wa Kichwamaji anapewa mimba na Manase, na hadithi inageuka kuwa ya uchungu wa Kazimoto, kaka yake, ambaye naye anaamua kulipiza kwa Sabina, dada wa Manase. Mabinti wawili wamekuwa uwanja wa ugomvi wa vijana wawili wasomi. Kufika Mzingile mwanamke ni alama tu, ni mwanzo mpya wa dunia, hana hata hasira yake mwenyewe. Kadiri mzee alivyozidi kuwa wa majaribio, wanawake wake walizidi kukosa sauti. Regina, mama yake Rosa, anaongea zaidi ya wanawake wote wa Nagona na Mzingile ukiwaweka pamoja.

Kwa hiyo watu wakimkumbuka kwa Rosa, mimi sishangai. Pale angalau kuna mtu.

Mwalimu wa Zamu

Dada Bi Shughuli, hii comenti ningeiweka ubaoni.

Mwanakisiwa

Dada yangu, la Rukia limenipiga. Sina la kujibu hapo, Kazimoto anajililia mwenyewe kitabu kizima.

La wanafalsafa nalisoma tofauti. Wale wazee kwenye Nagona hawaji kufundisha. Wanakuja wakiwa wamechakaa, kila mmoja na wazo lake lililoshindwa, wanaingia kwenye ngoma moja na wazee wetu wasio na majina ambao hawakuandika kitabu chochote. Hakuna anayepewa kiti cha mbele. Kwa mtu aliyetoka kusoma miaka Wisconsin hiyo ni jeuri kubwa. Lakini nakubali kwamba msomaji asiyewajua Freud na Hegel anabaki nje ya mzaha huo, na mzaha unaohitaji shahada una kasoro.

Mtu wa Bugolora

Nawasoma tangu asubuhi. Mimi ni wa kisiwani Ukerewe, kwa hiyo nitasema la kwetu.

Mnatafuta Nietzsche, sisi tunasikia hadithi za jioni. Kijana anatoka nyumbani. Anakutana na mzee njiani. Mzee hamwambii njia, anampa fumbo. Anafika mahali wanyama au watu wamenyamaza, anajua kuna jambo. Anakutana na mzee mwingine. Mwisho wa safari anachokitafuta ama kinakimbia ama kinageuka. Mtoto yeyote aliyelala kwa bibi ameshaisikia Nagona kabla haijachapwa. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa na mwisho, na Kezilahabi aliuondoa.

Na mahali pake ni hapo hapo. Rosa ni wa Namagondo. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ni wa kisiwani. Kwenye Kichomi kuna shairi linaitwa Namagondo. Hata alipokwenda kufundisha Botswana miaka ya 1990, huko nyuma ameshakiandika kijiji mpaka kimekuwa mali ya watu ambao hawajawahi kupanda kivuko. Sisi wa kisiwani tuna jambo letu: tunasoma riwaya zake tunajua ule mlima ni upi na ile njia inakwenda wapi. Halafu tunafungua Nagona, hakuna Ukerewe. Jina la mahali hakuna. Mimi hiyo iliniuma kidogo, nikaona kama ametuhama.

Jirani wa Stoo

Mie nauza vitabu, vipya na vya mtumba, kwa hiyo niwashushe kwenye bei.

Rosa Mistika inauzika kwa sababu ya shule, basi. Vitabu vya kipindi kile vilipata mkosi wa aina yake: Rosa na Dunia Uwanja wa Fujo vilitolewa na East African Literature Bureau, taasisi ya Jumuiya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, taasisi ikafa nayo, Kenya wakaunda ya kwao. Kichwamaji ilitoka East African Publishing House, nayo haipo tena. Gamba la Nyoka ilitolewa Arusha. Kichomi ilitolewa na Heinemann, Nairobi. Nagona na Mzingile ni za wachapaji wa chuo kikuu, Dar. Dhifa, diwani yake ya 2008, ni ya Nairobi tena. Yaani mtu mmoja, kazi zake zimetawanyika kwa wachapishaji wa nchi mbili, nusu yao marehemu. Hakuna seti moja unayoweza kuiweka rafuni ukasema huyu hapa Kezilahabi.

Kinachotembea sana ni kivuli cha fotokopi. Nagona ninayoiona mimi mara nyingi ni fotokopi ya fotokopi, kingo zimekuwa nyeusi, ukurasa wa katikati umekatwa neno la mwisho la kila mstari, na pembeni kuna penseli ya mtu wa mwaka 2003 ameandika "ukengeushi?" na alama ya kuuliza. Mwanafunzi analipa kwa ukurasa. Mwandishi hapati kitu, warithi hawapati kitu, mchapishaji anasema kitabu hakina soko.

Kwa ndugu Msomaji Mnyonge: sheria ya hakimiliki, Kenya na Tanzania, inalinda kazi miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Ya Kezilahabi ni mpaka 2070. Hiyo PDF unayoiomba ina mwenyewe.

Msomaji Mnyonge

Mkuu nimekuelewa, lakini nimezunguka maduka ya hapa mjini sijaona. Nitanunuaje kisichouzwa? Mimi niko tayari kulipa.

Jirani wa Stoo

Hapo ndipo penye ugonjwa, na sina dawa. Jaribu maktaba ya chuo kilicho karibu nawe, wengi wanaruhusu kusomea ndani.

Mbeba Maboksi

Salamu kutoka Marekani, huku baridi.

Niongeze la tafsiri. Mashairi yake yalitangulia huku: Annmarie Drury alitoa mkusanyo wa tafsiri za Kiingereza mwaka 2015, Stray Truths, mzee akiwa hai. Halafu 2025 Rosa Mistika ikatoka kwa Kiingereza, mfasiri ni Jay Boss Rubin, mchapishaji ni chuo kikuu cha Yale. Zaidi ya nusu karne baada ya ile ya Kiswahili, na miaka mitano baada ya kifo chake.

Kwa hiyo hilo mnalolilalamikia huko sasa linaanza huku pia: mlango wa kuingilia ni Rosa. Mwenzangu kazini, Mmarekani, alikisoma akaniuliza mwandishi huyu aliandika kingine? Nikaanza kumweleza Nagona, nikajikuta naeleza njozi ya mtu mwingine. Ukitaka kuisimulia, unaharibu. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo kwa nini haikumbukwi msibani. Rosa unaweza kuieleza kwa sentensi mbili kwenye rambirambi.

Na mbona hakuna aliyetaja Kaptula la Marx? Tamthilia, rais Kapera anavaa kaptula ya Marx isiyomwenea, ameikazia mkanda na anaona yuko sawa. Ilitungwa siku za Ujamaa, ikachapishwa 1999, wakati nchi ilikuwa imeshaivua hiyo kaptula na kuitundika. Ingetoka kwa wakati wake tungekuwa tunamkumbuka kama mtu wa siasa.

Ustadhi wa Vina

Hapo kwenye kaptula nimecheka peke yangu. Hiyo tamthilia naikubali, tena ina mdundo kuliko mashairi yake.

Mwanakisiwa

Kaptula ilinipita kwenye mada, asante Mbeba Maboksi.

Nirudi kwa Mtu wa Bugolora, maana nami ni wa kisiwa hicho hicho ingawa nimekulia Mwanza. Kutuhama ndiko kulikomkomboa. Kwenye Dunia Uwanja wa Fujo, Tumaini anamuua mkuu wa wilaya, serikali inamnyonga, na msomaji anafunga kitabu akijua ni habari za Ujamaa na mashamba yaliyochukuliwa. Kitabu kinazeeka pamoja na siasa yake. Kijana wa leo inabidi aelezwe kwanza vijiji vya Ujamaa vilikuwa nini. Nagona haina cha kuelezwa kwanza. Mji ambao watu wameinamisha vichwa wanasoma na hawasalimiani, mwaka 1990 ulikuwa njozi. Pandeni daladala yoyote leo saa kumi na mbili jioni.

Ningependa mtu avitoe Nagona na Mzingile katika jalada moja, na utangulizi mfupi usiozidi kurasa kumi, bila maswali ya marudio mwishoni.

Jirani wa Stoo

Mchapishaji atakuuliza swali moja: kimo kwenye orodha ya shule? Kama Taasisi ya Elimu haijakiweka, au KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, kule kwa jirani, atachapa nakala chache za kuonyeshea, halafu zitakaa. Biashara ya vitabu vya Kiswahili inalishwa na mtihani.

Bi Shughuli

Na kikiwekwa kwenye mtihani ndiyo mtakuwa mmekiua. "Taja na ufafanue dhamira sita katika Nagona." Mungu apishe mbali. Mwongozo utatoka kabla kitabu hakijafika madukani.

Mwalimu wa Zamu

Dada, mwongozo utatoka, hilo halizuiliki. Lakini ule wa Rosa haukuwazuia wale mabinti wa nyuma kuuliza lao. Mimi ningekichukua hivyo hivyo na mwongozo wake, kuliko hii fotokopi yenye maneno yaliyokatwa.

Mwana wa Mumias

Mwalimu, ungekiweka kidato cha ngapi?

Mwalimu wa Zamu

Cha sita, muhula wa pili, wakiwa wameshamaliza Shaaban Robert na wamechoka kukariri. Ile sura ya mji wa kimya ningewasomea kwa sauti mwenyewe, kipindi kizima, nisiulize swali. Kipindi cha pili ningewapa Bi Shughuli: kwa nini Regina anaongea na hawa hawaongei. Huko kwingine waende wenyewe.